Mwongozo kamili: jinsi ya kuandika historia ya mtaa wako kutoka kwa makaratasi ya makumbusho ya jamii

Watu wengi wameniletea kazi zao za historia ya mtaa zikiwa zimekwama mahali pale pale. Mtu anaenda makumbusho ya jamii, anafunguliwa boksi, anapiga mamia ya foto na simu, akifika nyumbani hajui ile barua ilitoka faili gani, tarehe haioni, sahihi haisomeki, basi anaandika tu yale aliyosikia kwa wazee halafu anabandika foto moja ya karatasi juu yake kama pambo. Makaratasi yapo lakini hayajasema kitu.

Huu mwongozo ni wa kutatua hiyo shida tu, historia ya Uganda yote tuiache pembeni. Ukimaliza hizi hatua utakuwa na stori fupi, kurasa nne au tano hivi, kuhusu kitu kimoja cha mtaa wako, na mtu akikuuliza "hii umeitoa wapi" unaweza kumpeleka kwa boksi, kwa faili, kwa karatasi yenyewe.

Kama hauna muda wa kusoma yote shika hili moja: karatasi ikiwa peke yake haisemi mengi, maana yake iko kwa makaratasi yaliyolala nayo ndani ya faili moja. Ndiyo maana nusu ya hatua hapa chini ni za kulinda huo ujirani.

## Vitu vya kubeba

- Penseli mbili tatu na kichongeo. Peni iache nyumbani kabisa, wino ukidondoka kwa karatasi ya 1930 hautoki tena.
- Daftari moja la kazi hii peke yake, usichanganye na la duka.
- Simu yenye kamera nzuri, chaja, na pawa benki, kwa sababu umeme ukikatika saa nne asubuhi siku yako imeisha.
- Rula fupi. Utaiweka pembeni ya karatasi ukipiga foto ili ukubwa ujulikane.
- Kitambaa cheupe cha pamba, safi, cha kutandika mezani.
- Brashi laini, hata ile ya rangi ya shule ambayo haijatumika.
- Karatasi nyeupe safi za kukata vipande vya alama.
- Flashi au memori kadi ya akiba.
- Sabuni na taulo ndogo.

Glavu za pamba watu huzipenda kwa sababu wanaziona kwa filamu, lakini kwa karatasi mikono safi iliyokauka ni bora, glavu inakuondolea hisia ya vidole unararua kona bila kujua. Kwa foto za zamani na negativu hapo sawa, vaa glavu za mpira zile nyepesi, maana mafuta ya vidole yanaacha alama kwa picha.

Usibebe selotepu, gundi, wala stepla.

## Hatua ya 1: Chagua swali dogo

"Historia ya mji wa Bombo" sio swali. "Historia ya kabila letu" pia sio swali, hiyo utakufa nayo. Swali zuri lina mahali pamoja, kitu kimoja, na kitendo. Kwa mfano, na huu ndio tutatumia mpaka mwisho: tuseme wazee wanasema soko lenu zamani lilikuwa karibu na stesheni ya reli halafu likahamishwa kwenda barabara kuu. Swali: lilihamishwa lini, na nani aliamua?

Kwa nini dogo? Kwa sababu boksi la makumbusho ya jamii halikupangwa kwa ajili yako. Ndani utakuta risiti za kodi, kadi za ubatizo, mikutano ya chama cha ushirika, endagaano (mikataba) za kuuza shamba, barua za shule, leseni za baiskeli, vitabu vya askari waliotoka KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni), vyote pamoja. Ukiingia bila swali kila karatasi itakuita na jioni utatoka umechoka bila kitu mkononi.

Utajua swali limekaa sawa kama unaweza kutaja aina tatu za karatasi ambazo zinaweza kulijibu. Kwa soko: risiti za ushuru wa soko, minutes (kumbukumbu) za mkutano wa gombolola (ofisi ya kata), barua za malalamiko ya wauzaji. Kama hauwezi kutaja hata aina mbili, badilisha swali.

## Hatua ya 2: Ruhusa kwanza, foto baadaye

Makumbusho mengi ya jamii hapa Uganda ni ya familia, ya mzee mmoja au kikundi kidogo, sio ofisi ya serikali. Makaratasi yale mengine ni ya watu waliyoyaacha pale kwa imani. Kwa hivyo nenda mara ya kwanza bila kamera, salimia vizuri, kaa, eleza swali lako kwa lugha ya pale. Barua ya utambulisho kutoka LC1 (baraza la kijiji) inasaidia sana hasa kama wewe si mtoto wa pale.

Omba ruhusa tatu, kila moja peke yake, na uandike jibu na tarehe kwa daftari: ruhusa ya kusoma, ruhusa ya kupiga foto, ruhusa ya kuchapisha. Watu huchanganya hizi. Mzee kukubali usome haina maana amekubali barua ya marehemu baba yake izunguke kwa magrupu ya WhatsApp.

Kama ni kazi ya chuo, muulize msimamizi wako mapema kuhusu kibali cha utafiti cha UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia), usingoje mpaka siku ya mwisho.

## Hatua ya 3: Liangalie boksi kabla ya kugusa karatasi

Hapa ndipo wengi wanaharibu, na wanaharibu kwa nia nzuri. Anafungua faili, anaona makaratasi yamevurugika, anaanza kuyapanga kwa tarehe au kuweka barua huku risiti huku. Usifanye hivyo! Ule mpangilio unaouona kama fujo ndio ushahidi wenyewe.

Mfano. Risiti ya ushuru wa soko imekunjwa ndani ya barua ya malalamiko. Aliyeikunja alitaka kusema "nimelipa, oneni risiti, sasa mbona mnanifukuza?" Ukiitoa ukaiweka na risiti nyingine umebaki na risiti mia moja zinazofanana, na lile lalamiko limebaki uchi bila ushahidi wake. Hakuna mtu tena atakayejua hizo mbili ziliishi pamoja.

Fanya hivi:

Piga foto ya boksi likiwa limefungwa, halafu likiwa wazi, halafu kila faili kutoka nje. Andika kwa daftari maneno yote yaliyo juu ya jalada, hata namba ambazo hauzielewi, hasa namba ambazo hauzielewi, kwa sababu ofisi za zamani zilikuwa na namba za faili na barua ya upande mwingine itataja namba hiyo hiyo.

Halafu muulize mwenye makumbusho: hili boksi lilifika hapa vipi, nani alileta, lilikuwa wapi kabla? Jibu liandike vile vile alivyosema. Boksi lililotoka nyumbani kwa chifu wa gombolola na boksi lililotoka kwa katibu wa ushirika yatakupa majibu tofauti kwa swali moja, na yote mawili yanaweza kuwa ya kweli.

Kila faili ipe namba kama haina, kwa penseli nyepesi kwa kipande cha karatasi unachoweka ndani, sio juu ya jalada lenyewe mpaka mwenyewe akubali. Mfano B2/F3 maana yake boksi la pili, faili la tatu.

Hatua imeenda sawa kama ukipewa karatasi yoyote kutoka boksi lile unaweza kuirudisha mahali pake pale pale bila kubahatisha.

## Hatua ya 4: Kushika makaratasi

Nawa mikono, kausha kabisa, usipake losheni. Chai na soda vikae chumba kingine. Tandika kile kitambaa cheupe, weka faili moja tu mezani.

Karatasi iliyokunjwa muda mrefu usiifungue kwa nguvu, ifungue polepole, ikianza kulia kama jani kavu simama hapo, iache ipate unyevu wa kawaida wa chumba, usiinyunyizie maji. Karatasi nyembamba zile za kopi za taipureta zibebe juu ya karatasi nyingine kama sinia.

Pini na klipu zilizoota kutu: kama inatoka kirahisi itoe, weka kipande cha karatasi nyeupe kuonyesha makaratasi gani yalikuwa pamoja. Kama imeshikana, iache.

Ukiona unga unga wa mchanga kwa kona na mashimo, hiyo ni mchwa au wadudu wengine. Funga lile boksi, litenge na mengine, mwambie mwenyewe siku hiyo hiyo. Usipulize dawa ya mbu juu ya karatasi, inaacha madoa. Na makaratasi yaliyonyeshewa yasambaze kwenye hewa, kivulini sio juani, ndani ya siku mbili, zaidi ya hapo ukungu unaanza.

Mtu akikuambia ulaminishe endagaano ya babu ili isiharibike, kataa. Lamineshoni inapikia karatasi ndani ya plastiki na haitatoka tena. Selotepu nayo inageuka njano na kula maandishi.

## Hatua ya 5: Piga foto zitakazosomeka mwezi ujao

Kaa karibu na dirisha lakini jua lisipige karatasi moja kwa moja. Flashi ya kamera izime. Simu iwe juu sawasawa na karatasi, isiinamie, rula pembeni, na kipande cha karatasi chenye namba ya faili kionekane ndani ya foto. Hicho kipande ndicho kitakuokoa.

Kwa kila karatasi piga: mbele yote, nyuma yote hata kama unaona iko tupu, na karibu zaidi kwa muhuri, sahihi na maandishi ya pembeni. Nyuma ya barua za zamani ndiko makarani waliandika "nimemwambia aje Jumatatu" na mambo kama hayo, na hilo neno dogo mara nyingi ndilo linafungua stori yote.

Baada ya kila faili moja simama, fungua foto, vuta karibu uone kama herufi ndogo kabisa inasomeka. Kama haisomeki sasa haitasomeka nyumbani.

Jioni hiyo hiyo, kabla ya kulala, badilisha majina ya foto. IMG namba kadhaa haisemi kitu. Jina kama B2-F3-014-nyuma linasema kila kitu: boksi, faili, karatasi ya 14, upande wa nyuma. Ukiliacha hili mpaka wiki ijayo hautalifanya, na hii ndio sababu kubwa kabisa ya kazi za watu kufa.

Weka kopi tatu: kwa simu, kwa flashi, na moja isiyo nyumbani kwako, kwa mtu mwingine au kwa intaneti. Jengo kuu la Makerere liliungua Septemba 2020 na makaratasi mengi yakaenda nalo, na kama chuo kikuu kinaweza kuunguliwa hata nyumba yako inaweza. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti sio kama picha, kwa sababu ikitumwa kama picha inabanwa na maandishi madogo yanapotea.

## Hatua ya 6: Nakili neno kwa neno

Chukua karatasi zile tu zinazogusa swali lako, labda ishirini, uziandike upya kwa daftari au kompyuta. Vile vile zilivyo, na makosa yake. Mwandishi aliandika "soka" akimaanisha soko, wewe andika "soka", halafu maelezo yako uyaweke kwenye mabano ya mraba. Neno usiloweza kusoma weka [?], usijaze kwa kubahatisha, maana baada ya mwezi utasahau kwamba ulibahatisha.

Luganda ya zamani itakusumbua kama ulisoma ya shule. Tahajia ya sasa ilipangwa mwaka 1947, kabla ya hapo kila misheni na kila karani aliandika anavyosikia, kwa hivyo jina moja la kijiji linaweza kuwa na sura tatu. Orodhesha hizo sura zote ukurasa wa mwisho wa daftari. Kwa familia za Wanubi (wajukuu wa askari waliotoka Sudan), hapa Bombo na Arua na kwingine, utakuta pia barua kwa herufi za Kiarabu ambazo lugha yake si Kiarabu, soma kwa sauti na mzee au shehe wa pale kabla haujasema haieleweki.

Kuna watu wanaruka hii hatua wanasema foto ziko. Kunakili ndiko kusoma kwenyewe. Mkono ukiandika, jicho linaona kitu lilichokiruka mara tano.

## Hatua ya 7: Itafutie tarehe karatasi isiyo na tarehe

Karatasi nyingi hazina mwaka, au mwaka umeliwa. Usikate tamaa, karatasi yenyewe imebeba alama, na hizi ndizo ninazozitumia mimi kwa Uganda.

Pesa. Ikitaja rupia, jua ni kabla ya 1920 au hapo hapo. Florini ilipita haraka sana, 1920 hadi 1921, kwa hivyo ukiiona florini umebahatika, tarehe iko karibu kabisa. Baada ya hapo ni shilingi ya Afrika Mashariki mpaka 1966 Uganda ilipotoa shilingi yake. Na bei zikishuka ghafla kama mtu aliyekata sifuri mbili, hiyo ni baada ya mabadiliko ya pesa ya 1987.

Stampu za posta. Stampu zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja zilianza 1935. Kama ni Kenya na Uganda tu bila Tanganyika, ni kabla ya hapo, miaka ya 1920 na mwanzo wa 1930. Uso wa mfalme pia unasaidia: George wa Tano mpaka 1936, George wa Sita mpaka 1952, halafu Malkia Elizabeth.

Jina la serikali juu ya karatasi. "Uganda Protectorate" ni kabla ya 9 Oktoba 1962. "Republic" ni baada ya katiba ya 1967. Muhuri wa serikali ya Buganda ama ni kabla ya falme kufutwa, ama ni baada ya 1993 ziliporudishwa, katikati hapo hakuna.

Ofisi za chini. Hii ndio naipenda kuliko zote. Muhuri wa mayumba kumi (uongozi wa nyumba kumi kumi) ni baada ya vita vya 1979, mpango ule uliingia na wakombozi kutoka Tanzania. RC1 (Resistance Council, baraza la kijiji kabla ya LC) ni kuanzia 1986 hivi. LC1 ni baada ya katiba ya 1995. Kwa hivyo barua ya mtaani isiyo na tarehe yenye muhuri wa RC umeshaifunga ndani ya miaka kama kumi bila kusoma neno hata moja.

Kodi. Kodi ya nyumba ya rupia 3 ni ile ya mkataba wa Buganda wa 1900. Tikiti za kodi ya graduated (kodi ya kichwa) zinaishia 2005 iliposimamishwa.

Mwaka wa Kiislamu. Barua ya Mnubi au ya shehe inaweza kuwa na 1350. Usishtuke, mwaka 1350 ulianza Mei 1931, na 1400 ulianza Novemba 1979.

Tahadhari mbili. Moja, 3/4/35 ni tarehe tatu mwezi wa nne, siku inatangulia. Pili, alama inakwambia karatasi haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, lakini inaweza kuwa ya baadaye kidogo, kwa sababu ofisi nyingi ziliendelea kutumia fomu za zamani na mihuri ya zamani mpaka iishe. Kwa hivyo tafuta alama mbili zinazokubaliana, moja haitoshi.

Andika hivi: "kati ya 1952 na 1962, kwa sababu ya stampu ya Elizabeth na jina Protectorate". Ukiweza kuandika sababu umefaulu. Ukiandika "kama 1958 hivi" bila sababu, futa.

## Hatua ya 8: Nani aliandika, na alitaka nini

Kuna kosa moja linalorudi kila mara. Mtu anaona "Kangawo" kwa barua ya 1912 na tena kwa barua ya 1951 anaandika kwamba mzee Kangawo alitawala miaka arobaini. Kangawo ni cheo, ni mkuu wa saza (eneo kubwa la Buganda lenye gombolola ndani yake) la Bulemeezi yeyote yule aliyekuwepo. Pokino ni wa Buddu, Sekiboobo wa Kyaggwe, Mukwenda wa Singo, Kaggo wa Kyaddondo. Chini yao kwa gombolola kuna Mumyuka, Ssaabaddu, Ssaabagabo, Mutuba, na hivyo pia ni vyeo. Kwa hivyo cheo kiandike peke yake na jina la mtu peke yake, na kama jina haulijui sema cheo tu.

Sehemu pia zinahama. Buyaga na Bugangaizi zilikuwa chini ya Buganda mpaka kura ya 1964 ziliporudi Bunyoro, kwa hiyo mtu wa huko akitafuta makaratasi ya babu yake ya 1940 ayatafute kwa njia ya Mengo, makao ya serikali ya Buganda. Acholi iligawanywa enzi za Amin ikawa ya mashariki na ya magharibi, na baadaye zikaitwa Kitgum na Gulu. Kabla ya kusema "hakuna makaratasi yetu" uliza mtaa wenu mwaka huo ulikuwa wilaya gani.

Sasa kwa kila karatasi jibu maswali manne kwa daftari: nani aliandika, kwa nani, alitaka apate nini, na asingetaka nani aisome. Mkusanya ushuru anayeandika kwa mkuu wake "wauzaji wote wamefurahia soko jipya" anataka kuonekana kazi yake imeenda vizuri. Muuzaji anayeandika "tumekufa njaa hapa" anataka apunguziwe ushuru. Hakuna aliyedanganya lazima, lakini kila mmoja alikuwa anavuta upande wake, na wewe kazi yako ni kuona kamba iko wapi.

Angalia pia nani hayupo. Wanawake ndio walikuwa wanauza matooke na mihogo kwa lile soko, lakini minutes zina majina ya wanaume peke yake. Usiandike kama wanawake hawakuwepo. Wapo kwa risiti, wapo kwa orodha ya meza za soko, wapo kwa kesi za gombolola, nenda ukawatafute huko.

## Hatua ya 9: Pimanisha na makaratasi mengine na wazee

Soma kwanza majirani wa karatasi ndani ya faili lile lile, la juu yake na la chini yake. Halafu faili nyingine. Halafu toka nje ya makumbusho.

Magazeti yanasaidia sana kwa tarehe: Uganda Herald mpaka 1955, Uganda Argus kuanzia 1955, Voice of Uganda enzi za Amin, New Vision kuanzia 1986, na maktaba ya Makerere inayo makusanyo ya magazeti ya zamani. Makaratasi ya serikali yako kwa hifadhi ya taifa Wandegeya, ambayo zamani ilikuwa Entebbe. Wilaya nazo, kama Jinja, Hoima na Kabale, zina hifadhi zao, na za Kabarole zilipigwa kopi za kompyuta kupitia chuo cha Mountains of the Moon, Fort Portal.

Wazee waendee baada ya makaratasi, sio kabla. Ukienda kabla utauliza maswali ya juu juu, ukienda baada unaweza kumsomea hajati ile barua ya malalamiko na yeye akuambie "huyo alikuwa anauza chumvi, meza yake ilikuwa ya pili kutoka bomba". Hiyo hauipati kwa faili lolote.

Mzee akisahau mwaka usimlazimishe. Mshikie kwa matukio: ilikuwa kabla ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa 1954? Kabla ya ile mvua kubwa ya 1961 ziwa lilipopanda? Wahindi walikuwa wameshaondoka, yaani baada ya 1972? Ulikuwa umeshazaa mtoto wa kwanza? Mtoto ana cheti cha ubatizo au kadi ya shule, na hapo tarehe imepatikana.

Karatasi na mzee wakipingana usimchague mshindi haraka. Kwa mfano wetu, minutes zinaweza kusema soko lilihamishwa kwa uamuzi wa gombolola, na wazee wanasema "tulihama wenyewe kwa sababu mabasi yalikuwa yanasimama kule". Mara nyingi watu wanahama kwanza, ofisi inaandika baadaye kwamba imeamua. Weka yote mawili na tarehe zake, msomaji ataona mwenyewe.

Na ukikuta miaka mizima haina karatasi, usiiruke kimya. Sehemu za Luwero kati ya 1981 na 1986 watu walikimbia na nyumba zikaungua, faili likikatika 1981 na kuanza tena 1987 huo ukimya uandike wazi kwa stori.

## Hatua ya 10: Andika

Anza na karatasi moja yenye nguvu, sio na Waingereza walipofika. Ile barua ya malalamiko, kwa mfano, mistari miwili mitatu yake vile ilivyo. Halafu eleza nani aliandika, nini kilitokea kabla, nini baada, wazee wanasemaje, nini bado hakijulikani. Hiyo inatosha.

Mwisho wa kila aya weka namba za karatasi zako, B2/F3/14, na mzee uliyemhoji mweke kwa namna aliyokubali. Tenganisha maneno yako na ya karatasi: "barua inasema", "mzee anakumbuka", "mimi nadhani". Hizi sentensi tatu ndogo zikikaa mahali pake kazi yako inaaminika hata na mtu asiyekupenda.

Jipime hivi: mpe rafiki stori na namba, aende makumbusho bila wewe, achague sentensi yoyote tano. Akizipata karatasi zote tano, umefaulu. Akikosa hata moja, rudi hatua ya 5.

## Hatua ya 11: Kabla haujachapisha

Hapa nakuomba sana uwe makini. Endagaano za mashamba, ramani za vibanja, barua za mipaka, usiweke foto zake hadharani. Kesi za ardhi Uganda zinaua watu, na karatasi ya 1956 inaweza kuwasha moto kati ya familia mbili ambazo leo zinasalimiana. Unaweza kuandika kwamba ardhi iliuzwa bila kuonyesha majina na mipaka.

Vile vile makaratasi ya hospitali, ya polisi, ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, ya waliotuhumiwa wakati wa vita. Sheria ya kulinda data ya 2019 ipo, lakini hata bila sheria hao ni wajukuu wa watu, wako hapo sokoni. Ficha jina, au subiri, au uliza familia.

Msomee mwenye makumbusho stori nzima kabla ya kuiachia, kwa lugha anayoielewa. Akisema hapa toa, jadilianeni, na kama ni karatasi yake neno lake ni la mwisho.

Halafu peleka makumbusho kopi iliyochapwa ya stori, foto zote kwa flashi, nakala ulizoandika, ile orodha ya majina ya vijiji, na ukurasa unaosema B2 ni boksi gani na F3 ni faili gani. Huo ukurasa uweke ndani ya boksi lenyewe, juu kabisa, na kopi yake moja apewe mwenye funguo.